Chumba Chepesi cha Mama Mkwe

Nerima hapigi hodi mlangoni kama watu wengine. Ukimwalika chai, kwanza atausogelea ukuta wako, aupige kwa kifundo cha kidole, ainamishe kichwa asikilize, ndipo aseme hamjambo humu ndani. Ukuta ukimjibu vizuri, atakunywa chai kwa raha. Ukimjibu vibaya, chai atakunywa vilevile, ila ataketi karibu na mlango. Wageni wa Njiru hukasirika. Wenyeji wamemzoea, na fundi Gitonga, ambaye kuta nyingi za mtaa ule amezijenga yeye, humwambia kila mara kwamba alipotea njia, angekuwa daktari wa vifua.

Kazi yake ni kufyatua mabloki ya saruji kando ya barabara ya Kangundo, mahali ambapo malori hupita na vumbi lao na kuachiwa matusi nyuma. Ni mama mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya kazi na mdomo usio na breki. Mteja akimwuliza kama mabloki yake ni imara, humjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha huyatembeza yake kwa maneno mpaka mteja achoke anunue.

Alizaliwa Kimilili, kitinda mimba wa mama Loise, mjane aliyewasomesha wanawe kwa mahindi na ukali. Alipomaliza shule alikuja Nairobi akaanza kuuza njugu za sukari katika soko la Muthurwa. Hapo ndipo alipokutana na Javan Wekulo, kijana wa kwao aliyekuwa kibarua Industrial Area. Javan alinunua njugu zake kila jioni bila kukosa, mpaka jino likamwuma, ndipo akakiri kwamba tangu mwanzo hakupenda njugu. Wakaoana. Ng'ombe wakafika Kimilili, ndugu wakala wakashiba, na kuanzia siku hiyo Javan na mama Loise wakaanza kukimbiana.

Usicheke. Kwao ndivyo heshima ilivyo. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, hawaketi karibu, na zaidi ya yote hawalali chini ya paa moja. Javan, mwanamume mzima mwenye mwili wa kubeba magunia, akimwona mama mkwe wake anakuja upande huu wa njia, huvuka upande ule hata kama kuna matope. Na mama Loise alipokuja Nairobi kumwona binti yake, alikunywa chai, akasema Mungu awabariki, kisha kabla jua halijazama akaondoka kwenda kulala kwa mpwa wake Nahashon, kule Kayole.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Kisha Nahashon akahamia Kisumu kikazi, na mwaka uo huo macho ya mama Loise yakaingia mtoto wa jicho. Daktari alisema upasuaji utayarudisha, jicho moja kwanza, jingine baadaye, lakini mgonjwa lazima awe karibu na hospitali kwa miezi kadhaa, awekewe dawa kwa mkono safi, asiiname shambani, asipigwe na moshi wa jikoni. Kimilili hakukuwa na wa kumwekea dawa. Nairobi alikuwako Nerima. Ila Nerima ana nyumba moja tu, na ndani ya nyumba hiyo analala Javan.

"Nitakukodia chumba karibu, Mayi," Nerima alimwambia kwa simu, kwa Kibukusu chao.

"Nikae peke yangu katikati ya watu nisiowaona?"

"Basi njoo kwangu. Javan amekubali."

"Javan amekubali, na mimi je? Afadhali upofu kuliko aibu, mwanangu. Kipofu huongozwa. Mwenye aibu nani atamshika mkono?"

Nerima alikata simu akalia pale pale kati ya mabloki. Hakulia kwa sababu ya ubishi. Ubishi wa mama yake aliujua tangu utotoni, na wake mwenyewe umetoka huko huko. Alilia kwa sababu mara ya mwisho walipoonana, mama Loise alimimina chai kando ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka chini, na yeye akacheka kwa sauti kubwa kana kwamba alikusudia. Kile kicheko kilikuwa kimemkaa Nerima kifuani tangu siku ile.

Sasa, nyumba yao Njiru ni ya mawe, vyumba vitatu, na juu yake wamemwaga slabu ya zege iliyo tambarare. Huku Eastlands, mashariki ya jiji, hakuna anayejenga bila kuota ghorofa. Nondo zimeachwa zikichungulia mbinguni tangu binti yao Marion akinyonya. Leo Marion yuko chuoni Eldoret na nondo zinaanikiwa nguo. Siku moja Nerima alikuwa akianika shuka huko juu, akasimama akaitazama ile slabu tupu. Chumba kikijengwa hapa, kikawa na ngazi yake ya nje, mlango wake na paa lake, hiyo si nyumba nyingine? Javan alale chini ya slabu, mama alale chini ya mabati. Mapaa mawili, nyumba mbili, na heshima iko pale pale.

Alimwita Gitonga. Gitonga alipanda, akaigonga slabu kwa kisigino huku na huku, akashuka akitikisa kichwa.

"Mama Marion, hii slabu ilimwagwa na watu wako na njaa. Ni nyembamba, na hata nondo zake ni nyembamba. Ukipandisha kuta za mawe hapa, iko siku mama mkwe atakuja kumsalimia Javan, yeye na kitanda chake."

Javan, aliyekuwa karibu na tangi la maji akisikiliza, aliondoka bila kuaga.

"Na nikijenga kwa mabati?"

"Mchana ataiva, asubuhi utampata ameganda. Huyo ni mgonjwa ama ni samaki?"

Basi ilibaki kutafuta ukuta wenye uzito mdogo na roho ngumu. Na aliyeuleta alikuwa Javan mwenyewe. Siku hizi yeye ni msimamizi katika ghala la runinga na friji, na unalijua lile povu jeupe la plastiki wanalokingia runinga ndani ya katoni, lile linalolia likisuguana mpaka meno yakakereka. Ghalani hutupwa marundo. Jioni moja Javan aliingia na gunia kubwa kumshinda, watu wakampisha njiani, kumbe alikuwa amelishika kwa vidole viwili.

"Kuna wajenzi wanakuja kuchukua hizi," alimwambia mkewe. "Wanasaga, wanachanganya na simiti, zege inakuwa nyepesi. Wewe si ndiye mama mabloki?"

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nerima alichukua bati akalitoboa kwa misumari, akaanza kulikwaruza povu juu yake mpaka likawa punje. Punje zile hazina adabu. Zilimganda nywele, nyusi na sweta. Alipozipangusa mkono wa kulia zilihamia wa kushoto. Upepo wa barabarani ulizipeleka mpaka uani kwa jirani yake Wakiuru, ambaye kuku wake walidhani wameshushiwa mchele. Wakiuru alikuja akiwa amembeba jogoo kwapani, akamwonyesha Nerima mdomo wa jogoo ukiwa na vitone vyeupe, na maneno yaliyofuata hayafai kuandikwa. Kuanzia siku hiyo Nerima alifanyia kazi yake ndani ya chandarua kikuukuu, na mpita njia angedhani ni bibi harusi aliyekasirika.

Bloki la kwanza lilikuwa aibu. Alichanganya kama alivyozoea, saruji, mchanga na maji ya kutosha, akamwagia povu akakoroga. Povu likapanda juu likaelea, saruji ikazama chini. Alipotoa kalibu, nusu ya chini ilikuwa jiwe na nusu ya juu ilipeperuka na upepo. Akadhani kosa ni povu kuwa dogo, akaongeza. Hilo la pili lilikuwa jepesi hata akalitupa kwenye pipa la maji likaelea, naye akapiga vigelegele, akamwita Gitonga aje aone maajabu. Gitonga alilitoa pipani, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Hii ni bloki ama ni keki? Kama ni keki, lete chai."

"Cheka tu. Utakuja kulijenga wewe mwenyewe."

"Nitalijenga, lakini nitaoga kwanza, ndiyo nisilichafue."

Akaendelea kuharibu saruji kwa wiki nyingi, na kila alipopiga simu Kimilili alisikia mama yake akimwuliza mtoto wa jirani saa ngapi, kwa kuwa saa ya ukutani haikuonekana tena. Nerima alianza kuogopa. Alisema wazi kwa Javan kwamba anaogopa, na Javan akamletea gunia jingine.

Jawabu lilitoka jikoni. Jumamosi moja Nerima alikuwa akikaanga njugu za sukari kwa ajili ya wageni wa kanisa, kazi ambayo mikono yake inaijua bila yeye. Maji kidogo tu, sukari mpaka ivutike, kisha njugu zinaingia na kugeuzwa mpaka kila moja ivae koti lake. Ukimimina maji mengi, sukari inabaki chini ya sufuria na njugu zinatoka uchi. Aliusimamisha mwiko. Miezi yote hiyo povu lake lilikuwa likiingia kwenye mchanga likiwa uchi! Aliziacha njugu zikaungua, wageni wakala mandazi.

Asubuhi alikoroga saruji na maji machache hadi ikawa uji mzito, akatia punje za povu peke yake, akazigeuza kwa beleshi mpaka kila punje ikawa ya kijivu. Hapo ndipo alipoleta mchanga, na maji ya kunyunyiza tu. Hakuna punje iliyoelea. Akaijaza kalibu, akaishindilia, akayafunika mabloki kwa magunia mabichi, akayamwagilia siku baada ya siku kwa subira ambayo hata mumewe hakuwahi kuiona kwake. Yalipokomaa alitupa moja pipani. Lilizama kwa adabu.

Lakini kupenda kitu si kukijua. Nerima aliyapeleka mabloki yake mawili Industrial Area, kwenye chumba kimoja cha kupimia vifaa vya ujenzi, pamoja na bloki moja la kawaida. Huko alimkuta Kiilu, kijana wa Machakos asiye na haraka na mtu. Kiilu aliliweka la kawaida kwenye mashine ya kukandamiza. Lilivumilia sana, kisha likapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka. Akaweka la Nerima. Hilo lilianza kushindwa mapema zaidi, lakini halikulipuka. Lilijikunyata polepole, likapata mikunjo ubavuni, na mashine ilipoachia likabaki limeshikana.

"Mathe, nikuambie ukweli?" Kiilu aliuliza.

"Uongo ninao wa kutosha nyumbani."

"Nguvu hapa ni ya simiti. Povu halibebi kitu, linashika nafasi tu. Ukiongeza povu unapunguza uzito, lakini unapunguza nguvu pia. Hizo mbili huwezi kuzipata zote. Hii yako kwa chumba kimoja, paa la mabati, iko sawa. Punguza povu kidogo itakuwa sawa zaidi. Lakini ukiweka ghorofa ingine juu yake, usiseme Kiilu alikuambia. Na ipige plasta nzito nje na ndani, kwa sababu povu na moto hawaelewani."

Nerima si mtu wa kuambiwa, lakini huyu alimpenda. Alikuwa ameusema ukuta jinsi ulivyo, bila kuusifu na bila kuudharau. Alirudi nyumbani akapunguza povu. Kuhusu moto alijaribu mwenyewe, akaweka kipande juu ya makaa, akaona punje za pembeni zikiyeyuka na kuacha vishimo. Basi akaapa kwamba katika chumba cha mama hakutaingia jiko hata la kupashia maji.

Masika yalipoanza, alipanga mabloki kadhaa nje ya lango, kwenye mtaro ambapo maji ya mtaa mzima hupita na mikokoteni ya wauza maji huyakanyaga ikipita. Yakanyeshewa, yakakanyagwa, yakaanikwa na jua, yakanyeshewa tena. Mvua ilipoisha Gitonga alipasua moja kwa nyundo, akaingiza vidole katikati. Ndani palikuwa pakavu. Alibeba jingine mpaka juu ya ngazi pamoja na bloki la kawaida, akayaachilia yote mawili. La kawaida lilifika chini likawa kokoto. La povu liliruka, likaacha pembe moja pale, likabingirika mpaka kwa kuku wa Wakiuru, ambao safari hii walikimbia.

Gitonga alikuna kidevu. "Haya, Mama Marion. Tunaanza lini?"

Walianza Jumatatu. Gitonga alisimamisha nguzo nyembamba za zege kwenye pembe, sawasawa na kuta za chini ili uzito ushukie mahali panapouweza, kisha akajaza katikati kwa mabloki ya povu. Alikuwa akibeba mawili kila mkono huku akipiga mluzi, akilalamika tu kwamba wapita njia watadhani ameanza mazoezi ya kuinua vyuma. Sakafu ya slabu ilikuwa na mabonde, na kuisawazisha kwa mchanga na saruji kungeongeza uzito, kwa hiyo Nerima alimwaga tabaka la zege la povu huko nako, nene kuliko Gitonga alivyotaka. Wakapiga plasta nzito, mabati juu, mbao za dari chini yake, na rangi ya samawati. Ngazi ikapita nje.

Mama Loise, aliyeambiwa kwa simu kwamba amejengewa nyumba yake, alifika kwa basi Jumamosi moja, fimbo mkononi, begi begani. Javan alikuwa amesimama mbali kando ya tangi, amevaa shati la kanisani. "Mulembe, mama," alisema akiutazama ukuta. "Mulembe, mkwe," mama Loise alijibu akilitazama lango. Wote wawili wakashusha pumzi, na kazi ya siku ikawa imekwisha.

Alipanda ngazi akipapasa. Alipofika mlangoni hakuingia kwanza. Aliupiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, kama apigavyo maboga huko Kimilili kabla ya kuyachuma. Gitonga aliona hilo kutoka chini akacheka peke yake, kwa kuwa sasa alijua ugonjwa ule umetoka wapi.

"Ukuta huu umevaa sweta," mama Loise alisema.

"Ni joto usiku na baridi mchana, Mayi. Ingia."

Aliingia, akapapasa kitanda, akapapasa meza, akakanyaga sakafu kwa nguvu kidogo. Akaketi. Alisema atalala hapo usiku huo kwa ajili ya uchovu tu, na usiku huo huo Nerima alimwona Javan akichukua blanketi kwenda kulala kwa Gitonga, maana hakuna aliyejua bado kama sheria imevunjwa. Asubuhi mama Loise aliuliza swali ambalo Nerima alikuwa akiomba lisiulizwe.

"Chini yangu hapa ni nini?"

"Ni chumba chetu cha kulala, Mayi."

Mama Loise aliigonga sakafu kwa fimbo. Kisha akasema pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Nerima. "Yaani nitembee juu ya kichwa cha mkwe wangu. Nikigeuka kitandani, ajue nimegeuka. Naye akikoroma, mimi nijue amelala. Hizo si nyumba mbili, Nerima. Hiyo ni nyumba moja yenye aibu mbili."

"Hutasikia kitu. Sakafu ni ya povu."

"Javan hukoroma?"

Nerima hakuthubutu kudanganya. Javan hukoroma, na hilo si siri ya ndoa. Wakiuru husema ndiyo sababu mbwa wa mtaa ule hawajui tena kubweka. "Hukoroma, Mayi."

"Basi leo nisikie kwa masikio yangu. Nikimsikia, kesho narudi Kimilili na macho yangu haya haya. Nisipomsikia, nitakaa."

Ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa Nerima alipika ugali na kuku, akampandishia mama yake sahani, akafungua dirisha ili harufu ya rangi itoke, akamketisha kitandani. Kisha akashuka kumwomba mumewe alale mchana ule kama anavyolala kila Jumapili.

Javan alijilaza na suruali yake ya kanisani, akafumba macho, akayafumbua. Akageukia ukutani. Akageukia mlangoni.

"Siwezi," alinong'ona. "Siwezi kulala nikisikilizwa na mama mkwe."

"Miaka yote hukuhitaji ruhusa ya mtu!"

"Hapo nilikuwa sijui kuna mtihani."

Gitonga, ambaye alikuja kumrudisha Javan na kukaa kula, alishauri aongezewe ugali. Wakiuru alileta bilauri ya maziwa lala, akasema hayo yamemshinda hata marehemu babake aliyekuwa askari wa zamu. Javan alikula, akanywa, akalalamika, akafunguliwa kifungo cha shati. Watu wakatoka. Nerima peke yake akabaki miguuni pa kitanda, mikono amefumbata, akiomba Mungu kwa jambo ambalo hakuwahi kusikia mtu akiliombea kanisani.

Ikaanza kidogo, sauti ya maji yakitafuta njia ya bomba. Kisha ikashika. Kisha vikombe kabatini vikaanza kugongana. Nerima aliinua macho kwenye dari, akawaza juu ya kila punje aliyoivisha koti, na akajiona mjinga kwa kuamini kwamba kitu chepesi vile kingeweza kuzuia kitu kizito vile. Alimwacha akorome vya kutosha, kwa kuwa hakutaka ushindi wa wizi. Ndipo akapanda ngazi.

Mama Loise alikuwa ameketi wima kitandani, viganja juu ya magoti.

"Je, Mayi?"

"Ameshalala?"

Nerima hakujua kama ni swali au ni mtego. "Amelala kitambo. Anakoroma."

"Mimi sisikii kitu," mama Loise alisema. "Nifungulie begi. Zile nguo zitajikunja."

Nerima aliinama juu ya begi ili mama asisikie pumzi yake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Alidhani ni upepo, akalisahau.

Jicho la kwanza likafanyiwa upasuaji mwezi huo, la pili baadaye. Asubuhi na jioni Nerima alinawa mikono yake yenye saruji mpaka ikawa laini, akapanda ngazi, akamwekea mama yake matone. Javan alijifunza kukohoa mara mbili mlangoni kabla ya kutoka, na mama Loise alijifunza kugonga fimbo kwenye ngazi kabla ya kushuka, na kwa ujanja huo wakaishi ndani ya uzio mmoja bila kuonana uso kwa uso. Wateja walianza kupanda kukigusa chumba. Nerima aliwaambia yote aliyoambiwa na Kiilu, na wengine wakaagiza, na waliotaka kujengea ghorofa aliwafukuza.

Jumapili moja, bandeji ya mwisho ikiwa imekwisha kutolewa, walikuwa wameketi juu huko baada ya chakula, dirisha wazi, mama Loise akimtazama binti yake kwa muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Umeota mvi, mwanangu," alisema kwa huruma. Akanyoosha mkono akaichomoa hiyo mvi. Ilikuwa punje ya povu.

Wakacheka mpaka Nerima akajishika ubavu. Kisha, kwa vile hawezi kuacha kujisifu, akaupiga ukuta kwa kifundo. "Unaona, Mayi? Miezi yote hii hujamsikia hata mara moja. Tangu siku ile ya kwanza."

Mama Loise alitabasamu. "Ukuta wako ni mzuri. Sakafu nayo nzuri. Lakini siku ile uliniachia dirisha wazi."

Nerima aliacha kucheka. "Kwa hiyo ulimsikia?"

"Nani hakumsikia? Njiru nzima ilimsikia."

"Na ukaniambia husikii kitu!"

"Sikukudanganya. Niliinuka, nikapapasa ukuta wote mpaka nikalipata hilo dirisha, nikalifunga, nikaketi nikasikiliza tena. Hapo ndipo nilipokosa kusikia kitu."

"Lakini ulikuwa umeshamsikia, Mayi. Ungerudi nyumbani. Ulisema wewe mwenyewe."

"Nilisema." Mama Loise aliushika mkono wa binti yake, akaugeuza, akatazama mikwaruzo ya saruji ambayo hakuwahi kuiona. "Wewe umenijengea kuta zote hizi, mimi nishindwe kufunga dirisha?"

Chini yao, baada ya ugali wa Jumapili, Javan akaanza, kidogo kwanza, kisha akashika. Mama Loise alinyoosha mkono akalifunga dirisha, bila kupapasa.